Maswali ya Wasomaji: Unga wa Manjano Unaowapa Panya Saratani

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu watafiti wanaowapa panya kemikali iitwayo DMBA ili wapate saratani ya matiti, kisha wakapima dawa juu ya uvimbe huo. Tangu siku hiyo barua hazijakoma. Wengine wameogopa, wengine wamekasirika, na wapo ambao kumbe wanafanya kazi karibu na kemikali hii kila siku. Nimechagua barua tano, na nafasi yote ya mwezi huu nimeiachia jambo hili moja.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Msimamizi wangu amenipangia nipime kama majani ya mlonge yanaweza kupunguza uvimbe wa matiti kwa panya, na njia aliyopendekeza ni kuwapa panya hao DMBA. Nimemweleza mama, naye amenitaka niache kabisa, kwa kuwa bado sijaolewa wala sijazaa. Kemikali hii ni kitu gani hasa, na je, nikae nayo mbali?
— *Mwanafunzi, Morogoro*

Jibu: Marahaba, binti yangu. Mama yako ana hoja ya kweli, na nitaifikia, lakini kwanza tuijue kemikali yenyewe.

DMBA ni kifupi cha 7,12-dimethilibenzanthrasini. Ni kampaundi ya kaboni na hidrojeni tupu: atomu 20 za kaboni na 16 za hidrojeni, zilizojipanga katika pete nne zilizoshikana ubavu kwa ubavu, na vikundi viwili vya methili vimening'inia kwenye mojawapo ya pete hizo. Ni unga wa manjano yenye ukijani kwa mbali. Hauyeyuki katika maji, bali huyeyuka vizuri katika mafuta na katika asetoni. Ilitengenezwa maabara kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1930, na mpaka leo haina kazi nyingine ya maana zaidi ya utafiti wa saratani. Hakuna kiwanda kinachoichanganya na rangi, sabuni au dawa ya mbu.

Jambo ambalo lebo ya chupa haielezi ni kwamba DMBA, kama ilivyo ndani ya chupa, haina nguvu kubwa ya kushika vinasaba. Ni mwili wenyewe unaoinoa. Mwili hauwezi kutoa kwa mkojo kitu chenye asili ya mafuta, kwa hiyo seli zina vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kubandika oksijeni kwenye vitu vya namna hiyo ili viyeyuke majini na kutoka. Mara nyingi kazi hiyo huisha salama. Lakini kwa DMBA, kimeng'enya kiitwacho CYP1B1 na ndugu zake hubandika oksijeni kwenye kona ya molekuli kwa namna inayozaa umbo jipya, lenye uchu wa kung'ang'ania kitu chochote kilicho karibu, na kilicho karibu huwa ni DNA, yaani vinasaba vyenyewe. Mwaka 1999 watafiti walichapisha habari za panya waliozalishwa bila kimeng'enya hicho: walipopewa DMBA, wengi wao hawakupata uvimbe ambao wenzao wa kawaida waliupata. Kemikali ilikuwa ile ile na kipimo kile kile, ila cha kuinoa hakikuwapo.

Molekuli hiyo iliyonolewa ikishaganda kwenye DNA, seli inapojigawa husoma herufi vibaya. Katika ngozi ya panya mahali pa kosa panajulikana kwa usahihi wa kushangaza: ni kwenye jeni iitwayo Hras, alama ya 61, ambapo nafasi ya herufi iitwayo adenini huchukuliwa na nyingine, thaimini. Jeni hiyo hufanya kazi kama swichi ya kuamuru seli ikue, na kosa hilo huiacha swichi ikiwa imewashwa.

Sasa hoja ya mama yako. DMBA huua mayai machanga ndani ya ovari za panya, na hilo limepimwa mara nyingi. Tena hupita kwenye kondo la nyuma na kufikia watoto walio tumboni. Kwa hiyo mwanamke mjamzito au anayenyonyesha hapaswi kabisa kuishika, na mwenye matumaini ya kupata mimba karibuni ana haki ya kuomba kazi nyingine bila kuulizwa maswali mengi. Kwa wewe ambaye hujafika huko, jibu langu linategemea maabara yenu zaidi ya ujasiri wako. Je, mna kabati la kuvuta hewa linalofanya kazi kweli, ambalo ukishika karatasi ya chooni mbele yake unaiona ikivutwa ndani? Je, kuna glavu za nitraili za kubadilisha mara kwa mara, koti lisilotoka nje ya chumba hicho, na utaratibu wa kuteketeza taka katika tanuri la joto kali? Kama kimojawapo kati ya hivyo hakipo, mama yako ameshakujibu.

Kama vipo, omba mnunue kiasi kidogo kuliko vyote, na usiipime kwenye mizani. Kipindi cha hatari kubwa ni pale unga mkavu unapochotwa kwa kijiko. Ni afadhali kuingiza mafuta ndani ya chupa ile ile iliyokuja nayo na kuiyeyusha humo humo. Ikikudondokea, osha kwa maji na sabuni nyingi. Usitumie spiriti wala asetoni kuifuta, kwa sababu vimiminika hivyo huyeyusha kemikali na kuipitisha kwenye ngozi haraka zaidi.

Nina sababu ya kusisitiza habari ya mizani. Nilipokuwa fundi kijana wa maabara, mahali ambapo sitapataja, tulipima unga huu asubuhi nzima tukiwa watu wawili, tukiamini tumekuwa waangalifu. Jioni yule mkubwa wetu alizima taa za chumba akawasha taa ndogo ya mionzi ya urujuanimno, maana kampaundi za jamii hii hung'aa chini ya mwanga huo. Meza ilikuwa safi. Lakini kitufe cha mizani kilikuwa na alama ya kidole yenye mng'ao wa samawati, mpini wa mlango ulikuwa nayo, na kalamu niliyokuwa nimeichomeka mfukoni ilikuwa na madoa mawili karibu na ncha ya nyuma, pale ambapo nina tabia ya kutafuna. Usiku ule sikulala vizuri, na tangu siku hiyo sijaweka kalamu mdomoni.

Kuna jambo moja zaidi, nalo linahusu utafiti wenyewe. Mwulize msimamizi wako mlonge utatolewa lini. Ukiwapa panya mlonge kabla ya DMBA au pamoja nayo, kisha uvimbe ukapungua, huenda majani yamevizuia tu vile vimeng'enya visiinoe kemikali. Hiyo ni habari nzuri, lakini si ushahidi kwamba mlonge unatibu saratani, wala haumhusu mgonjwa ambaye uvimbe anao tayari. Ili kusema neno juu ya tiba, ni lazima usubiri uvimbe uonekane na upimwe, ndipo uanze kutoa dawa. Nimesoma tasnifu nyingi ambazo ziliruka hatua hii, kisha magazeti yakaandika kwamba mti fulani unaponya saratani, na watu wakaacha kwenda hospitali.

Swali: Ndugu mwandishi, mimi ni mwalimu mstaafu na nimefuga wanyama maisha yangu yote. Makala yenu ilinichoma moyo. Kumtia kiumbe ugonjwa kwa makusudi ndiyo elimu gani hiyo? Faida yake imeonekana wapi, au ni watu kutafuta shahada?
— *Mzee wa Tanga*

Jibu: Shikamoo, Mzee. Swali lako linastahili jibu refu, nami nitaanza mbali kidogo.

Mwaka 1775 daktari wa upasuaji wa London, Percivall Pott, aliandika kwamba wafagiaji wa mabomba ya moshi walikuwa wakipata saratani ya mfuko wa korodani. Wengi wao walikuwa wameanza kazi wakiwa watoto wadogo, wakipandishwa ndani ya mabomba yenye masizi. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza saratani kuhusishwa waziwazi na kazi ya mtu. Lakini masizi ni mchanganyiko wa vitu vingi mno, na kwa zaidi ya miaka 100 hakuna aliyeweza kuonyesha kwa jaribio kwamba ndiyo yenye kosa. Mwaka 1915 Wajapani wawili, Yamagiwa Katsusaburo na Ichikawa Koichi, waliripoti kazi iliyohitaji subira ya mkulima: walipaka lami ya makaa ya mawe kwenye masikio ya sungura, wakarudia tena na tena kwa miezi mingi, mpaka saratani ikaota. Hapo ndipo ilipothibitika kwamba kitu kutoka nje kinaweza kuzaa saratani.

Swali likabaki: ni kitu gani ndani ya hiyo lami? Katika miaka ya 1930, kundi la Ernest Kennaway huko London liliifuata jamii ya pete hizi za kaboni. Walichambua tani mbili za lami ngumu, wakiongozwa na ule mng'ao wake chini ya mwanga maalumu, hadi wakabaki na gramu chache za fuwele za manjano. Mwaka 1933 walitangaza kwamba fuwele hizo ni benzopairini. DMBA ni ndugu wa benzopairini, ila yenyewe hutengenezwa kwa makusudi, na kwa panya ina nguvu zaidi.

Sasa nifike kwenye faida. Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Charles Huggins na wenzake waliwapa panya majike wachanga miligramu 20 za DMBA, mara moja tu, kwa mdomo, ikiwa imeyeyushwa katika mafuta ya ufuta. Mzee, hebu tazama udogo wa kiasi hicho: kidonge kimoja cha parasetamo kina miligramu 500, kwa hiyo ni kama sehemu moja ya 25 ya dawa iliyomo kwenye kidonge. Katika miezi michache panya hao walipata uvimbe wa matiti. Kilichowapa watafiti thamani zaidi ni kwamba uvimbe huo, kama saratani nyingi za matiti za wanawake, ulitegemea homoni: ovari zikiondolewa, uvimbe mwingi ulisinyaa. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na mnyama ambaye saratani yake ilionekana mapema, ilionekana kwa karibu wote, na ilisikiliza homoni.

Miaka kumi na kitu baadaye kulikuwa na dawa iliyotengenezwa Uingereza ambayo ilikusudiwa kuzuia mimba, ikashindwa. Mtafiti Craig Jordan aliichukua akaijaribu kwa panya wa DMBA, na ikazuia uvimbe. Baadaye akaonyesha kwa panya hao hao kwamba kuitoa dawa hiyo kwa muda mrefu kunalinda kuliko kuitoa kwa muda mfupi. Dawa yenyewe ni tamoksifeni. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na wanawake wengi hapa kwetu waliofanyiwa upasuaji wa titi wameandikiwa wameze kidonge kimoja kila siku kwa miaka mitano au zaidi. Hiyo miaka mitano inayowachosha ina mizizi yake katika wale panya.

Panya hao walifundisha jambo lingine ambalo wakunga wazee labda wangelipenda. Panya aliyewahi kuzaa kabla ya kupewa DMBA hupata uvimbe kwa nadra sana kuliko ambaye hajazaa, kwa sababu titi lililopitia ujauzito limekomaa na seli zake changa zimepungua. Hii inaendana na kile kinachoonekana kwa wanawake, kwamba mimba ya kwanza katika umri mdogo hupunguza kwa kiasi fulani uwezekano wa saratani ya titi maishani. Sisemi mabinti waharakishwe kuolewa, Mzee. Nasema tu kwamba sababu yake ilieleweka kupitia mnyama.

Hata hivyo uchungu wako una haki. Tangu mwaka 1959, Waingereza William Russell na Rex Burch walipoandika kanuni zao, watafiti wenye nidhamu hujiuliza maswali matatu kabla ya kumgusa mnyama: je, kazi hii yaweza kufanyika bila mnyama, yaweza kufanyika kwa wanyama wachache zaidi, na maumivu yaweza kupunguzwa vipi? Kwa DMBA, swali la tatu lina maana ya kumpima panya kila wiki na kumwua kwa njia isiyo na maumivu kabla uvimbe haujapasuka au kumzuia kutembea. Na nitasema wazi maoni yangu: utafiti wenye panya wachache mno kiasi kwamba matokeo yake hayawezi kuaminika ni dhambi mara mbili, maana panya wameteseka na elimu haikupatikana. Kamati ya maadili inayopitisha pendekezo la namna hiyo bila kuuliza idadi imetoka vipi haijafanya kazi yake.

Swali: Mimi ni mhudumu wa banda la panya katika taasisi ambayo naomba msiitaje. Tunafagia maranda ya vizimba na kuosha vyombo. Vijana wa utafiti wakija wanavaa barakoa na magauni maalumu, sisi tuna aproni na ufagio. Nilipouliza, niliambiwa panya ndio waliopewa kemikali, siyo sisi. Baada ya kusoma makala yenu sina amani. Je, nimeshapata saratani?
— *Mhudumu, jina na mji vimehifadhiwa*

Jibu: Dada yangu, barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na ndiyo iliyonifanya nitumie ukurasa wote kwa jambo hili.

Nianze na linalokunyima usingizi. Hakuna kipimo cha kawaida cha damu kinachoweza kukuambia kama siku fulani uligusa DMBA au kama itakudhuru. Kukaa karibu na kemikali hii si sawa na kupata saratani: panya wa maabara hupewa kipimo kikubwa kwa uzito wa mwili wake, moja kwa moja tumboni, ilhali wewe uwezekano wako ni wa vumbi na mabaki. Kwa hiyo usijihesabu mgonjwa. Fanya uchunguzi wa matiti na wa mlango wa kizazi kama mwanamke mwingine yeyote, na mweleze daktari unafanya kazi gani ili aandike kwenye faili lako.

Lakini aliyekujibu kwamba panya ndio waliopewa kemikali amekujibu vibaya. Panya akishapewa DMBA, sehemu yake hutoka katika kinyesi na mkojo, hasa siku za mwanzo, ikiwa yenyewe au ikiwa imebadilishwa na mwili. Inaingia kwenye maranda. Maranda makavu yakifagiliwa yanatimua vumbi, na vumbi linavutwa puani. Anayechoma sindano hukaa na panya dakika chache. Anayesafisha kizimba hukaa na mabaki yake kila siku. Mtu wa pili ndiye anayehitaji kinga sawa na wa kwanza, na mara nyingine zaidi.

Kuanzia kesho, usifagie maranda makavu ya panya waliopewa kemikali. Yaloweshwe kidogo kwanza, yakunjwe taratibu ndani ya mfuko mgumu, mfuko ufungwe humo humo chumbani, na uwekwe pamoja na taka za kuteketezwa kwenye tanuri la joto kali. Yasitupwe shimoni wala kuchomwa uani. Dai glavu, barakoa inayobana uso na gauni linaloachwa kazini. Nguo hizo zisiende nyumbani kufuliwa pamoja na za watoto. Osha mikono mpaka kwenye viwiko kwa sabuni kabla ya kula, na chai isinywewe ndani ya banda. Kila kizimba kiandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka: kemikali gani, imetolewa tarehe gani.

Kama uko Tanzania, haya si hisani ya mtu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi hatari za kazi yake na ampe vifaa vya kujikinga, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, ndiyo yenye kazi ya kukagua. Anza kwa barua kwa mkuu wa banda, kaa na nakala yake, na wenzako watie sahihi pamoja nawe. Na kwa wale vijana wa utafiti wanaosoma hapa: mnapokwenda kuvaa magauni yenu, hesabuni pia ya mama anayekuja na ufagio baada yenu.

Swali: Mimi nakausha samaki kwa moshi wa kuni, kazi niliyorithi kwa marehemu mama. Binti yangu anasema hiyo DMBA imo katika moshi wetu. Ni kweli?
— *Mama wa Musoma*

Jibu: Mama, DMBA ninayoizungumzia ni ya kutengenezwa maabara, na hiyo siyo inayokuhusu wewe. Inayokuhusu ni ndugu yake, benzopairini, ambayo huzaliwa kila mara kuni, mkaa au mafuta yanapoungua bila hewa ya kutosha. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon nchini Ufaransa, limeiweka katika kundi la kwanza, yaani kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Moshi wa kuni na vinyesi vya mifugo unaovutwa ndani ya nyumba umewekwa katika kundi linalofuata, la vitu ambavyo kwa uwezekano mkubwa husababisha saratani. Na mwili huinoa benzopairini kwa njia ile ile niliyoieleza juu.

Sikuambii uache kazi inayokulisha. Mafuta ya samaki yanayodondokea kaa la moto hugeuka moshi mzito unaorudi kumshika samaki, na hapo ndipo benzopairini huwa nyingi. Ukiweka bati la kukinga mafuta hayo, ukamwivisha samaki kwanza kwa moto usio na moshi, kisha ukampa moshi mwepesi mwishoni kwa ajili ya ladha na rangi, utakuwa umeipunguza sana. Ndivyo lilivyobuniwa tanuri la Thiaroye, lililotengenezwa Senegali kwa ushirikiano na FAO; ulizia kwa afisa uvuvi wa wilaya. Tumia kuni zilizokauka, epuka mbao zenye rangi, na usiwashe moto kwa plastiki hata siku moja. Na kibanda chako kiwe wazi pande mbili, kwa sababu mapafu yako yanakutana na moshi huo kila siku, wakati mlaji anakutana nao mara moja moja.

Swali: Nimekabidhiwa stoo ya kemikali ya chuo. Nyuma ya rafu nimekuta chupa ndogo ya kahawia, lebo imefifia, lakini herufi DMBA zinasomeka, na unga uliomo ni wa manjano. Aliyeiagiza alishastaafu. Niimwage kwenye sinki na maji mengi?
— *Mtunza stoo, Dodoma*

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Haiyeyuki majini; itakaa kwenye bomba na kwenye tope la shimo la maji machafu, na fundi atakayelizibua hatajua anashika nini. Usiifungue kuhakiki, wala usiinuse.

Vaa glavu mbili. Iweke chupa kama ilivyo ndani ya chombo kingine kigumu chenye mfuniko wa kufunga, uzungushie vitambaa au pamba ili isigongane, na juu ya chombo cha nje andika kwa kalamu isiyofutika jina lote, tarehe uliyoikuta na maneno *Husababisha saratani – usifungue*. Kama mna vibandiko vya kimataifa, kinachohitajika ni kile chenye picha ya mtu mwenye nyota kifuani. Futa mahali ilipokuwa kwa kitambaa chenye maji na sabuni, kisha kitambaa na glavu viingie katika mfuko wa taka hatarishi. Fungia chombo kwenye kabati lenye ufunguo, mbali na mwanga, maana kampaundi hii huharibika kwa mwanga na hatutaki vitu vipya ndani ya chupa ambayo tayari hatuijui umri wake. Andika kwenye daftari la stoo, mjulishe mkuu wa idara kwa maandishi, na uwasiliane na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, ambayo ndiyo inayosimamia sheria ya kemikali za viwandani na majumbani, ili ikuelekeze namna ya kuiteketeza.

Na ukimaliza hiyo, tazama nyuma ya rafu nyingine. Mtu aliyeagiza DMBA kwa kawaida alikuwa na chupa ya pili, ya mafuta ya krotoni au ya kemikali iitwayo TPA inayotokana nayo. Yenyewe hubabua ngozi, na katika majaribio ya panya ndiyo iliyopakwa mara mbili kwa wiki baada ya tone moja la DMBA ili uvimbe uote. Nayo iwekwe kwa namna hiyo hiyo, lakini katika chombo chake peke yake.